Namba 150 kwenye boksi haikujazii tairi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wanaotaka kununua zile pampu ndogo za umeme za kujazia baiskeli upepo, zinazochajiwa kama simu. Sisi ni mafundi baiskeli, na pampu hizi tunazitumia na tunazifungua zikiharibika. Shida tunayoiona ni moja. Mnunuzi anaangalia namba kubwa iliyochapwa juu ya boksi, 150 PSI (PSI ni kipimo cha presha ya upepo), anaridhika, analipa. Kumbe katika namba zote za boksi lile, hiyo ndiyo isiyomhusu.

150 ni ukomo wa pampu, yaani presha ambayo ikifikiwa mota inaishiwa nguvu au inazimwa. Tairi ya baiskeli haiendi huko. Baiskeli ya kazi yenye tairi ya inchi moja na nusu hutaka PSI 45 hadi 65 hivi. Ya milimani, yenye tairi ya inchi 2 au zaidi, 25 hadi 40. Ya mbio, yenye tairi ya milimita 25 au 28, 70 hadi 100. Angalieni mpangilio wenyewe: nyembamba ndiyo inayotaka presha kubwa, nene inatosheka na ndogo. Watu wengi hugeuza, wakidhani tairi nene ina nguvu kwa hiyo ishindiliwe. Nguvu inayovuta kuta za tairi inakwenda na presha mara upana. Tairi yenye upana mara mbili, kwa presha ileile, kuta zake huvutwa mara mbili. Ndiyo maana PSI 80 kwenye tairi ya mbio ni jambo la kawaida, na 80 hiyohiyo kwenye tairi ya milimani inaweza kuing'oa kwenye rimu.

Kabla ya kugusa pampu, basi, soma ubavu wa tairi. Pameandikwa kiwango cha juu, mara nyingine na cha chini pia. Cha juu ni ukuta, si lengo; mtu mwepesi asiye na mzigo hana haja ya kukikaribia. Rimu nayo ina ukomo wake, na kati ya ukomo wa tairi na wa rimu unafuata ulio mdogo. Rimu za kisasa zisizo na ndoano za kushikia ukingo wa tairi hazitakiwi kuzidi bar 5, sawa na PSI 72.5, hata kama tairi yenyewe imeandikwa zaidi. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa kuliko la mbele, kwa hiyo lizidishie PSI chache, na ukipakia kwenye keria uongeze tena.

Neno juu ya vipimo, kwa sababu tairi zinapasuka kwa jambo dogo hili. Bar 1 ni PSI 14.5, na ni kPa 100. Pampu nyingine huonyesha kg/cm², ambayo kwa kazi yetu unaweza kuihesabu sawa na bar. Kitufe cha kubadilisha kipimo mara nyingi ndicho hichohicho cha kuchagua aina ya tairi, na kidole kikikaa kidogo zaidi ya kawaida kipimo kinageuka bila wewe kujua. Mtu anayetaka bar 3 akiona 3.0 yupo sawa. Akiona 30 PSI amepata bar 2 tu na ushee, tairi legevu inayoyumba. Na vile vipicha vya baiskeli, pikipiki, gari na mpira vinavyowaka kwenye kioo havijui tairi yako ni ya aina gani. Kila kimoja kimewekewa namba kiwandani. Weka yako.

Sasa namba zinazokuhusu. Ya kwanza ni hewa inayotoka, kwa lita kwa dakika. Tairi ya milimani ya 50-622 (yaani upana milimita 50, kipenyo cha rimu milimita 622) ina nafasi ya lita 4 hivi ndani yake. Kuijaza hadi bar 2 na nusu kunahitaji lita 10 za hewa ya kawaida kutoka nje. Tairi ya mbio ya 28-622 ina nafasi ya lita moja na robo tu, na hata ukiipeleka bar 6 inakula lita 7 na nusu. Kwa hiyo ile nene yenye presha ndogo ndiyo inayoichosha pampu kwa muda mrefu, na ile nyembamba inaikaba mwishoni, presha inapopanda na pistoni inasukuma kwa shida. Boksi likisema lita 12 kwa dakika, jua hiyo imepimwa pampu ikipuliza hewani, bila kitu cha kuizuia. Kadiri tairi inavyojaa, kiasi hicho kinashuka. Mtengenezaji mwaminifu anaandika dakika ngapi, kwa tairi ya ukubwa gani, kutoka presha gani hadi ipi. Asiyeandika hayo, mwulizeni muuzaji aonyeshe.

Namba ya pili ni betri, na hapa kuna kiini macho. Pampu moja imeandikwa 4000 mAh, nyingine 2000 mAh. Mnunuzi anachukua ya 4000. Lakini ya kwanza ni ya volti 3.7 na ya pili ni ya volti 7.4. Zidisha mAh kwa volti, gawanya kwa 1000, upate saa-wati, yaani nishati iliyomo: zote mbili zina 14.8. Zinalingana. Wauzaji wengine hujumlisha mAh za seli mbili zilizofungwa kwa mfuatano, jambo ambalo ni kosa, maana seli zikifungwa hivyo huongezeka volti, mAh hubaki zilezile. Linganisheni saa-wati peke yake. Vipampu vidogo kabisa vya gramu 100 hivi, vinavyoingia mfuko wa shati, vina kama saa-wati 2, na hiyo ni tairi moja au mbili, basi. Ni vya dharura ya njiani. Mwenye baiskeli tatu nyumbani asinunue hicho.

Ukipewa pampu ambayo pia ni tochi na pia inachaji simu, ikubali ukijua kwamba simu iliyokula chaji ya pampu usiku ndiyo itakayokuacha ukisukuma baiskeli asubuhi.

Tufike kwenye mdomo wa pampu, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Valvu za baiskeli ni za aina tatu. Schrader ni ile nene kama ya gari, yenye sindano katikati. Presta ni nyembamba, ina kinati kidogo juu. Dunlop ni ya baiskeli za kazi: shingo nene, kichwa chembamba, na ndani kuna kijiti kilichovishwa kipira. Pampu nyingi huja na mdomo wa Schrader pamoja na kipande cha shaba cha kugeuzia kuwa Presta, na kipande hicho hicho huifaa Dunlop kwa sababu uzi wa kichwani unaingiliana. Kina ukubwa wa kifundo cha kidole na hupotea wiki ya kwanza. Kifunge kwenye valvu ya baiskeli yenyewe, au nunua cha pili ukiweke chini ya kiti.

Kwenye Presta, legeza kinati hadi mwisho, kisha kibonyeze mara moja kwa ncha ya kidole hadi usikie "fss" fupi. Usipokibonyeza, kizibo cha valvu kinabaki kimenata, na pampu inapiga kelele bila kuingiza kitu. Kabla ya kufunga mpira wa pampu, hakikisha kiini cha valvu kimekazwa kwenye shingo yake, kwa koleo, robo mzunguko inatosha. Sababu utaiona wakati wa kufungua: mpira wa pampu wa kuzungusha unaweza kutoka pamoja na kiini, na upepo wote unaondoka kwa pumzi moja. Watu hulaumu pampu. Kosa ni la kiini kilichokuwa kimelegea. Anayesumbuliwa na hili mara kwa mara atafute mdomo wa kubana kwa klipu badala ya wa kuzungusha.

Schrader ina tabia nyingine. Mdomo wa pampu una pini inayosukuma sindano ya valvu, kwa hiyo geji inasoma presha ya tairi papo hapo unapofunga, hata kabla ya kuwasha. Lakini unapofungua polepole, pini bado inasukuma wakati mpira umeanza kuvuja, na unapoteza PSI moja mbili. Fungua haraka, kwa mizunguko isiyosita. Kwenye Presta ile "fss" ya kufungua ni hewa iliyobaki ndani ya mpira wa pampu, si ya tairi, usihangaike nayo.

Dunlop ndiyo inayodanganya geji. Kile kipira kinakaa kimebana, na hewa lazima ikisukume ndipo ipite. Pampu inapima presha ya upande wake, siyo ya ndani ya tyubu, na tofauti ni kile kizuizi. Ukiweka 50 na pampu ikazima kwenye 50, ndani kuna pungufu. Tena geji haiwezi kusoma tairi hiyo kabla ya kuanza kujaza, itaonyesha sifuri hata kama tairi imejaa. Kwa valvu hii, jaza, fungua, bonyeza tairi kwa kidole gumba, uongeze kidogo kidogo. Au badilisha kijiti cha kipira kwa kile chenye gololi ndani. Kinapitisha hewa kirahisi zaidi na kinaingia kwenye shingo ileile.

Sasa jinsi ya kujaza. Pampu ya mkono ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeijua hadi ilipoondoka: mkono ulikuwa unahisi. Ukikuta ukinzani usio wa kawaida, unasimama. Pampu ya umeme haina mkono. Tyubu ikiwa imebanwa kati ya ukingo wa tairi na rimu, itaendelea kusukuma hadi ipasuke, na utabaki na tyubu yenye mpasuko mrefu usiozibika kwa kiraka. Kwa hiyo ukiwa umetoka kuziba pancha, jaza kwa awamu. Weka lengo la PSI 10 kwanza, pampu izime. Zungusha gurudumu taratibu ukiangalia pande zote mbili: karibu na rimu kuna kistari chembamba kilichochorwa kuzunguka tairi, na lazima kionekane kwa umbali sawa kila mahali. Kikizama mahali, tairi haijakaa. Sukuma tairi pembeni kwa vidole gumba, uchungulie kama tyubu imechomoza. Sukuma pia valvu ndani kidogo kisha uivute nje, maana tyubu hupenda kubanwa hapo kwenye mzizi wake. Ukiridhika, weka namba yako ya mwisho, washa. Simama karibu, kidole kwenye kitufe. Kuzima yenyewe ni msaada, lakini kipima presha cha senti chache ndani ya pampu hakistahili kuachiwa tairi ukaenda kunywa chai.

Namba kwenye kioo inakuambia mengi ukiitazama inavyopanda. Ikiruka kutoka sifuri hadi 60 kwa sekunde mbili na pampu ikazima, hewa haijaingia. Imejaa kwenye mpira wa pampu tu. Kinati cha Presta hakijafunguliwa, pini haijafika sindano, au kiini kimezibwa na ile dawa nyeupe ya kuzuia pancha. Usichanganye hili na Presta yenye upepo tayari: hiyo itaruka hadi presha iliyomo, kisha iendelee kupanda polepole. Namba ikigoma kupanda kabisa huku pampu ikinguruma, kuna mahali hewa inatoroka. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa pampu. Mapovu yakitoka hapo, wosha ya mpira imechakaa, na mara nyingi ukiigeuza upande wa pili inakuhudumia miezi mingine kadhaa. Namba ikipanda vizuri kisha ikashuka 2 au 3 mara tu pampu inapozima, huo si ubovu. Hewa inapokuwa mbioni geji husoma juu kidogo. Ikitulia ndiyo kweli. Washa tena imalizie.

Joto nalo lisemwe, kwa sababu watu wanaungua vidole. Hewa ikigandamizwa inapata moto, hiyo ni tabia yake, na kwa hesabu ya vitabuni hewa ya nyuzi 27 ikifikishwa bar 6 bila kupozwa hupita nyuzi 200. Chuma cha pampu hunyonya sehemu ya joto hilo, lakini kichwa na shaba ya mdomoni vinabaki vya moto. Usivishike mara baada ya kujaza. Tyubu mpya za TPU, zile nyepesi zinazoonekana kama nailoni, zina shingo ya valvu ya plastiki. Ukikibandika kipampu cha mfukoni moja kwa moja juu yake shingo inaweza kulainika. Tumia kimpira cha kuunganishia kilichokuja nacho, hata kama ni kifupi kama kidole. Kijitabu cha pampu kitakuambia iendeshwe dakika ngapi mfululizo kabla ya kupumzishwa, na wengi huandika 5 hadi 10. Ifuateni. Ukijaza tairi nne za milimani bila kupumzika, kinachokufa kwanza ni pete ya pistoni. Pampu itaendelea kulia kama kawaida, ila haitafika tena 40.

Kwenye tairi zisizo na tyubu pampu hizi zina kikomo tunachopenda kijulikane kabla ya kununua. Kuongeza upepo zinaweza, tena vizuri. Kukalisha tairi mpya kwenye rimu ni kazi nyingine: inahitaji hewa nyingi kwa mkupuo mmoja, na pampu inayotoa lita 10 au 12 kwa dakika inashindwa, hewa inatoroka pembeni kwa kasi ileile inayoingia. Kung'oa kiini cha valvu na kupaka ukingo sabuni kunasaidia kwa tairi zilizobana. Zilizolegea zinataka tangi la hewa. Na unapoongeza upepo, valvu iwe juu, usubiri dakika moja dawa iteremke. Dawa ikiingia kwenye pampu inaganda kwenye vilango vyake vya ndani, na hapo hakuna ufundi, ni kununua nyingine.

Adui mwingine ni vumbi. Pampu hufyonza hewa kupitia vitundu vya ubavuni, na ukiilaza chini kwenye mchanga ikiwa inatetemeka inafyonza na mchanga. Ishike mkononi au iweke juu ya kitambaa. Usiitie oili. Mafuta yakifika kwenye pistoni hukusanya vumbi na kuharibu pete haraka kuliko ukavu.

Betri yake ni ya lithiamu, kwa hiyo ukiiweka muda mrefu iache na nusu ya chaji, uiangalie kila miezi mitatu, wala usiifungie kwenye gari lililokaa juani. Kama haichaji kwa waya wenye ncha za USB-C pande zote mbili, usiitupe: jaribu waya wenye ncha pana upande wa chaja. Pampu nyingi za bei ya chini zimepunguzwa kile kipande kidogo cha umeme kinachoiambia chaja ya kisasa itoe umeme, na kwa waya wa zamani zinachaji bila shida.

Jua lenyewe linabadilisha presha. Tairi iliyojazwa bar 4 asubuhi kwenye nyuzi 20, ikisimama juani hadi ifike nyuzi 50, ndani itakuwa bar 4 na nusu. Anayejaza hadi ukomo wa ubavuni alfajiri amejinyima nafasi hiyo.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na gurudumu lako, si mikono mitupu. Funga mdomo kwenye valvu yako mwenyewe, maana kuna rimu zenye kina kirefu ambapo shingo ya valvu haichomozi vya kutosha kushikwa. Toa upepo wote, jaza hadi presha unayotumia, hesabu dakika. Toa tena, jaza tena. Mara ya pili ikichukua muda mrefu zaidi kwa mbali, betri ni ndogo au pete ni dhaifu. Kisha acha mpira umefungwa kwenye tairi iliyojaa, pampu ikiwa imezimwa, utazame kioo kwa dakika moja. Kwenye Schrader namba ikishatulia isishuke tena. Ikishuka, mwambie muuzaji akupe nyingine uijaribu vilevile.

Mafundi baiskeli